Siku Fundi Springi Alipoomba Kipimo

AMEKUJA! Jamani, Kidoti amekuja! Jumamosi, mchana kweupe, kwa miguu yake mwenyewe, kaingia karakana ya Fundi Springi, kapiga hodi, kakaa. Kakaa, nawaambia! Kinyozi wa mlango wa pili aliacha kichwa cha mtu kikiwa upande mmoja kimenyolewa, upande mmoja bado, akatoka nje kuhakikisha. Mama wa genge akasema "ashukuriwe Mungu" mpaka vitunguu vikamdondoka.

Sasa wewe usiyemjua Fundi Springi utasema, kwani mtoto kuja karakana kwa baba yake ndo habari ya kupigiwa kelele? Ndiyo. Ngoja usikie alivyokuwa ameacha kuja.

Fundi Springi ni fundi makochi. Jina lake la kweli lipo kwenye kitambulisho tu, limelala huko. Hili la Springi alipewa kwa sababu akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaitikia hata shikamoo za watoto, ameshakaa kwenye kochi, kainuka, kakaa tena, kainamisha sikio. "Springi ya kushoto imekufa hii." Kuna siku alifanya hivyo msibani, marehemu hata hajazikwa. Watu walimtazama hivyo hivyo mpaka mjane mwenyewe akacheka, akasema, "Shemeji, leo zika mmoja kwanza."

Ni mtu mfupi, mpole, asiye na maneno mengi, na sababu ya kutokuwa na maneno ni kwamba mdomo wake kutwa una misumari. Vile vimisumari vidogo vya kupigia kitambaa, anavibana kwenye midomo, anachomoa kimoja kimoja. Asiyemjua atadhani kanuna.

Na ana sheria moja tu ya kazi, aliyoachiwa na mwalimu wake: usitaje bei kabla hujafumua. Lete kochi lako zuri kama bibi harusi, atalilaza kifudifudi, atachana kile kitambaa cha chini, atachungulia tumboni. Huko ndani ameshakuta vichana, ameshakuta funguo zilizovunja ndoa za watu, kuna siku alikuta meno ya bandia ya mzee fulani aliyekuwa amemtuhumu mkwewe kuyaiba. "Nje panadanganya," Fundi husema. "Fumua kwanza."

Ikumbuke hiyo sheria, maana kwenye makochi ni dhahabu. Kwa binadamu, mh.

Kidoti ni binti yake. Ana kidoti cheusi chini ya mdomo, kama kalamu ilimgusa ikaondoka. Wazazi wake walipoachana, walikubaliana mahakamani mtoto akae kwa mama, baba atoe matunzo kila mwezi, na Jumamosi mtoto ashinde karakana. Na karakana Kidoti alikuwa na cheo! Alikuwa mkaguzi. Kochi likikamilika, Fundi anapiga makofi, mkaguzi anavua viatu, anapanda, anaruka, anajitupa chali, anafumba macho kama daktari anayesikiliza moyo. Halafu anatoa hukumu. "Imepita." Au, "Irudi, Baba. Inanichoma hapa." Na ikirudi imerudi, hata mteja awe kashikilia hela mkononi.

Kuachana kwenyewe hakukuwa kwa ngumi wala kufumaniana. Walichoka tu. Mama Kidoti ni keshia, anasimama kutwa anatabasamu kwa watu wasiomtazama, akirudi nyumbani anamkuta mume ana misumari mdomoni. Maneno yakaisha humo ndani kama sukari inavyoisha, bila mtu kuona nani alichota ya mwisho.

Basi, maisha yakaenda. Mpaka pale kona likafunguliwa duka kubwa la makochi ya kiwandani. Kioo mbele, taa kibao, unachukua leo unalipa kidogo kidogo. Watu wakaacha kuvalisha makochi yao ya zamani, wakayatupa. Karakana ikapoa. Fundi akaanza kuchelewesha matunzo, na si kwamba anakula mwenyewe, maana hata yeye alikonda.

"Nenda mahakamani ukaombe upunguziwe," kinyozi alimshauri. "Sheria inaruhusu. Kipato kikishuka unasema, wanaangalia."

Ushauri mzuri kabisa. Angeishia hapo, hii hadithi isingekuwepo.

Lakini Fundi ana dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Humwoni akimaliza habari, anapumzika tu kwa matangazo. Redio alihamia kwa mdogo wake baada ya talaka, "kumpikia", akasikia habari ya kwenda mahakamani, akavuta stuli.

"Kupunguziwa? Upunguziwe nini, mdogo wangu? Kwanza hakikisha unacholipia."

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtoto mrefu kama nguzo ya umeme, wewe ukikaa kwenye stuli miguu inaning'inia. Anashika kijiko mkono wa kushoto, ukoo wetu mzima nani wa kushoto? Eti alizaliwa njiti. Njiti gani ana mashavu yale?"

Neno la nguzo ya umeme alilichagua, si bahati mbaya. Kabla ya Fundi, Mama Kidoti alikuwa na mchumba fundi umeme. Wakaachana wiki ile, akaolewa wiki ile nyingine, mimba ikaonekana mapema kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Na Mama Kidoti hakumficha mumewe. Alimkalisha kitandani akamwambia, "Sijui ni ya nani. Kweli sijui." Na Fundi Springi, wakati huo kijana anayependa mpaka anaumwa, alimshika mkono akasema, "Na mimi sitaki kujua. Kitanda hakizai haramu." Likafungwa hapo. Likashonwa vizuri, halikuonekana hata mshono.

Redio akatangaza asubuhi, akatangaza jioni. Fundi akawa anamtazama Kidoti akiruka kwenye makochi, anajikuta anapima miguu yake kwa macho. Anajichukia, anapima tena.

Siku ya mahakama ikafika. Chumba kidogo, feni inazunguka kivivu, mabenchi ya mbao tupu ambayo Fundi aliyahurumia. Hakimu alikuwa mama mmoja wa miwani, sauti ya chini, asiye na haraka. Mama Kidoti alikaa upande wake na sare ya kazi, ameomba ruhusa ya saa chache.

"Mheshimiwa, sikatai kulea," Fundi akasema. "Kazi imeshuka. Naomba nipunguziwe mpaka ikae sawa."

Hakimu akamuuliza maswali ya kazi, akaandika. Akamuuliza Mama Kidoti, naye akasema kwa haki kabisa, "Ni kweli kazi imepungua, Mheshimiwa. Napita pale, naona." Mnaona? Ilikuwa imekwisha! Watu walikuwa wanaenda nyumbani!

"Kuna lingine?" Hakimu akauliza, ile ya kufunga tu.

Nyuma, Redio akakohoa.

Fundi akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Mheshimiwa, nilikuwa nauliza... kama mtu ana mashaka na mtoto."

Mama Kidoti aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina na sauti ya mtu aliyekufa.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mzee, sikiliza vizuri. Mtoto amezaliwa ndani ya ndoa yako. Kisheria wewe ni baba yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Unaweza kuomba kipimo cha vinasaba. Lakini mtoto ana miaka kumi na mitatu, si mtoto wa kubebwa. Ataitwa. Ataelewa anapimwa nini. Na majibu yakitoka, mimi siwezi kuyarudisha yalikotoka. Shida yako ya kipato nimeshaielewa bila hilo. Unaomba, huombi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ametengewa kiti upande wa kutokea. Na yeye akajibu kama fundi.

"Naomba, Mheshimiwa. Nataka tu kujua. Sisi kazini kwetu hatutaji bei kabla ya kufumua."

Watu wakacheka. Karani akacheka. Fundi mwenyewe akatabasamu kidogo kwa mazoea, halafu akayasikia maneno yake yakimrudia masikioni, na lile tabasamu likakosa pa kwenda.

Hakimu hakucheka. Akaagiza kipimo.

Nje, Mama Kidoti alimwambia neno moja tu. "Mimi simwambii. Uliyeomba ndo utamwambia." Fundi akasema sawa. Jumamosi ikafika, akasema nitamwambia tukimaliza hili kochi. Kochi likaisha, akasema nitamwambia akishakula. Akala, wakaja kumchukua. Yaani mwanaume mzima anaogopa sentensi.

Siku ya kipimo, korido ya hospitali, benchi la sponji iliyokufa zamani. Kidoti anakuja na mama yake, na mkononi kabeba mfuko. Ndani ya mfuko ndizi mbivu, juisi, na shuka. Shuka!

"Shikamoo Baba. Usiinuke, kaa tu." Akamkalia karibu, akashusha sauti. "Ni figo?"

"Nini?"

"Mama kasema unahitaji kipimo na mimi nahitajika. Nimesoma kwenye simu. Mtu anaishi vizuri tu na figo moja, Baba, hata mpira anacheza. Mimi niko tayari. Hata damu watoe wanayotaka." Akamfunika magoti kwa lile shuka. "Kwa hiyo ndo maana umekonda! Na ulikuwa hutuambii!"

Mama Kidoti akageukia ukutani. Fundi Springi hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni siku ile, lakini mdomo haukufunguka.

Wakaitwa. Kijana wa maabara, glavu mkononi, mchangamfu, kazi nyingi. "Fungua mdomo, mdogo wangu." Akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu. "Tayari."

"Tayari?" Kidoti akashangaa. "Na damu je?"

"Damu ya nini? Hii inatosha kabisa kuonyesha kama huyu mzee ndo baba yako."

Kasema tu hivyo, kama mtu anayesema leo kuna joto. Hakujua. Usimlaumu.

Kidoti akacheka kidogo, akidhani utani. Akamwangalia mama yake. Akamwangalia baba yake, ambaye bado alikuwa na shuka magotini. Kile kicheko kikafa pale pale.

"Kwani si yeye?"

Kijana wa maabara akaona kaharibu, akababaika, akarukia kazi. "Mzee, na wewe fungua mdomo." Na Fundi akafungua. Mdomo ulioshindwa kumjibu mtoto ukafunguka kwa ajili ya pamba.

Alipofumba, Kidoti alikuwa ameshatoka. Ndizi aliziacha kwenye benchi.

Majibu yalisomwa mahakamani. Si wake. Hakimu alisema kwa maneno ya sheria, marefu, lakini ndo hivyo. Redio aliinua mikono juu, "Nilisema mimi!", askari wa mlangoni akamwambia mama kaa chini, na alipokaa akaona uso wa mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa habari ya kusoma.

"Sasa," Hakimu akasema, "kwa majibu haya unaweza kuiomba mahakama ikuondoe kwenye matunzo kabisa, na ikuondoe kwenye ubaba. Nitaangalia kwanza maslahi ya mtoto, maana wewe ndiye uliyemlea, lakini njia ipo. Ndicho unachotaka?"

Mtu alikuja kuomba apunguziwe mzigo, sasa anaambiwa autue wote aende mikono mitupu. Akaitazama mikono yenyewe.

"Mheshimiwa, naomba nifute ombi langu la kipimo."

"Kipimo kimeshafanyika, Mzee."

"Basi hayo majibu yafutwe."

Hakimu akavua miwani. "Kisheria naweza kuacha mambo yalivyokuwa. Ubaki baba yake kwenye karatasi, ulipe kiasi kinacholingana na kipato chako cha sasa. Hilo nalifanya, leo hii. Lakini alichosikia mtoto, mahakama yangu haina uwezo wa kukifuta."

Kwa hiyo alichoomba apunguziwe, akapunguziwa. Alishinda kesi, jamani!

Kabla ya kuachana nje pale, alimkimbilia Mama Kidoti. "Nisamehe."

"Mimi nilikwambia sijui," Mama Kidoti akasema. Alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba na hakipo. "Nilikuuliza, unataka tujue? Ukasema nini?"

"Nilisema kitanda hakizai haramu."

"Basi kitanda chenyewe miaka yote kimenyamaza. Wewe ndo umeongea."

Jumamosi ya kwanza, Kidoti hakuja. Ya pili hakuja. Fundi alipeleka matunzo mwenyewe, hakuchelewesha tena hata siku moja, akakaribishwa mlangoni, si ndani, na kutoka chumbani ulisikika muziki ukiongezwa sauti. Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Wateja wachache waliobaki wakaanza kukagua makochi yao wenyewe, wanakaa kistaarabu, wanasema safi, wanalipa. Yeye anajua kuna springi inalia mle ndani, na hakuna wa kusema irudi.

Na Redio? Betri ziliisha. Siku moja alimwekea chai, akasimama nyuma yake. "Nilidhani nakuokoa, mdogo wangu."

"Najua, Dada." Hakugeuka. "Wewe ulikohoa tu. Nilisema mwenyewe."

Ndo mpaka ikafika Jumamosi ile. AMEKUJA. Mnaelewa sasa kwa nini kinyozi alimwacha mtu nusu kichwa?

Amerefuka zaidi. Alisimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, Fundi akaliona umbo tu na nusura ameze msumari.

"Shikamoo."

Shikamoo, basi. Lile neno lingine linalofuatia shikamoo, miaka yote, halikufuata. Fundi alilisubiri kidogo, akaitikia. "Marahaba, mama. Karibu."

Kulikuwa na kochi la kijani limekamilika asubuhi ile. Fundi akalitazama, akamtazama. Kidoti akavuta stuli.

"Nimekuja kuuliza kitu. Mama hataki kuniambia, analia tu. Shangazi nikimuuliza atatangaza. Yule mwingine ni nani?"

Fundi akatema misumari yote kiganjani.

"Wewe huwa hunidanganyi," Kidoti akaongeza. Halafu akafikiri. "Yaani, ukinyamaza unanyamaza. Lakini ukisema hudanganyi."

"Alikuwa fundi umeme. Sasa ana duka la vifaa vya umeme, ng'ambo ya mji."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Anajua kama nipo?"

"Hapana."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Akatikisa kichwa polepole. "Nataka kumwona. Kwa mbali tu."

"Nitakupeleka. Mama yako akikubali."

"Wewe?" Akamkazia macho. "Si utaumia?"

"Nitaumia," Fundi akasema. "Ila ile barabara ina magari mabaya, siwezi kukuacha uende peke yako."

Mama Kidoti alikubali, kwa shida, na Jumatatu baada ya shule wakaenda. Walisimama upande huu wa barabara, duka upande ule. Mwanaume mrefu, mvi zimeanza, anamjaribishia mteja balbu. Balbu ikawaka, akacheka. Aliishika kwa mkono wa kushoto. Kidoti alitazama sana. Fundi alisimama hatua moja nyuma, hakumtazama yule mtu, alitazama mgongo wa mtoto.

"Siku nikija kumsalimia, nimwite nani?"

"Mwite baba, kama roho itakubali."

"Na wewe nikuite nani?"

Malori yalipita pale, kelele, vumbi. Fundi akangoja yapite ili asikie vizuri.

"Niite utakavyoweza. Nitaitika."

Kidoti alilitazama duka tena. Mwisho akasema, leo siingii, twende. Wakageuka. Walipokuwa wanavuka barabara nyingine kwenda kituoni, pikipiki ikachomoka kusikojulikana, na Kidoti akamvuta mkono kwa nguvu, "Wewe! Angalia!" Akamshika mpaka wakafika upande wa pili. Halafu akamwachia, akaweka mikono mifukoni.

Mpaka naandika hapa hajamwita Baba. Ameshakuja tena karakana, alikaa kwenye stuli, alifanya kazi zake za shule, akaaga kwa "haya, naondoka". Fundi aliitika hiyo nayo.

Kama unamfahamu baba yeyote anayetaka kwenda kuomba kipimo, mtumie hii asome kabla hajaenda. Na kama humfahamu, mtumie mtu mwingine, yeye atamfahamu.